Nilivyokamata Chipu Kanisani

Bandugu wa kikundi, leo nimejivua nguo mwenyewe. Mchana kweupe, mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyenisukuma.

Ninaandika mimi mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine, maana ninajua mnavyoongeza chumvi. Tayari nimesikia kwamba nilimpiga bibi yangu, mama wa watoto wangu. Sikumpiga! Wengine wanasema nilipagawa na pepo, nikaombewa. Hiyo ya pepo ingekuwa afadhali. Pepo angebeba lawama, mimi ningerudi nyumbani kula.

Mnanijua. Mimi ni Wilondja, Patron Wilondja, mwenye depo ya simenti na mabati njia ya bandarini. Shule niliachia darasa la nne, na walioendelea mpaka chuo kikuu ndio leo wanaokuja kunikopa misumari. (Najua, nilishawaambia hiyo mara nyingi. Leo hainisaidii.) Nilianza kwa kubeba mizigo ya watu kichwani, kuitoa kwenye mitumbwi ya Kazimia mpaka sokoni. Sasa mtumbwi wenye mota ni wangu. Mtu wa namna yangu anazoea kitu kimoja: akisema, watu wanaitikia. Nilidhani kuitikia ndiko kukubali.

Haya. Asubuhi, nikisubiri maji ya kuoga yapate moto, nikafungua simu. Mmoja wenu humu alikuwa ametuma ile video. Mzungu anaingia dukani. Hana pochi, hana simu. Anachukua mkate, anapitisha mkono mtupu juu ya kamashine, piii, anatoka. Sauti inaeleza kwamba chini ya ngozi yake kuna chipu, kitu kidogo cha kompyuta, na pesa zake zote zimo humo. Ikasema kesho itakuwa dunia nzima. Asiyewekewa hatanunua wala kuuza.

Maji yalichemka mpaka yakamwagika. Asiyeuza! Mimi nikikatazwa kuuza, nitabaki kuwa nani?

Mama Neema, bibi yangu, akaniita chumbani nimfungie zipu ya blauzi. Ile blauzi ya kitenge cha bluu ina zipu ngumu, inamtaka mtu asimame wima. Nikamshika mkono wa kushoto, huku juu, upande wa ndani. Vidole vyangu vikakuta kitu.

Kigumu. Chembamba kama njiti ya kiberiti. Chini ya ngozi! Nikabonyeza, kikateleza.

"Hii nini?"

"Nini wapi?"

"Hapa."

Akavuta mkono. "Mushipa tu, Papa Neema. Funga zipu, tunachelewa."

Mishipa ninaijua mimi. Kwa mizigo niliyobeba, mishipa yangu imesimama kama kamba za mtumbwi. Ule haukuwa mshipa.

Hapo akili yangu ikaanza kuunganisha. (Wenye shule, hapa ndipo mngenishika koti.) Mama Neema anauza vitenge sokoni. Pesa ya simu niliikataza nyumbani kwangu, kila mtu anajua. Lakini juzi nilimkuta anapokea furushi la vitenge kutoka Uvira, mikono mitupu. Nikamuuliza kama amelipa. Akasema, "Nimeshalipa." Kwa kitu gani? Noti sikuona. Simu sikuiona. Mkono ndio niliouona!

Njia nzima ya kwenda kanisani sikusema neno. Yeye akadhani nina njaa.

Sasa, kanisani kwetu leo kulikuwa na jambo. Baada ya mahubiri, Mwalimu Asukulu, mtunza hazina, alisimama na karatasi kubwa. Akaibandika ukutani, karibu na mimbari. Imeandikwa namba ya simu.

"Bapendwa," akasema, "kuanzia leo, anayetaka anaweza kutuma sadaka kwa simu. Hatulazimishi mutu. Lakini munajua taabu yetu. Dola ikipasuka kidogo tu kwenye kona, kila mutu anaikataa, na kikapu kinajaa dola za namna ile. Na tukibeba pesa ya kanisa barabarani, tunabeba na roho mkononi."

Watu wakaguna, wengine wakapiga makofi. Koko mmoja, mzee wa benchi la mbele, akauliza, "Sadaka ambayo haianguki kwenye kikapu, Mungu ataionea wapi?"

"Mungu anaona hata simu, koko," Mwalimu akamjibu.

"Basi aone na yangu, maana chaji iliisha tangu juzi."

Kicheko. Mimi sikucheka. Na hapa nitawaambia ukweli ambao kanisani sikuusema. Kwetu sadaka inachezwa. Kwaya inaimba, ngoma inapigwa, watu wanatoka mstari kwa mstari wakicheza mpaka kwenye kikapu. Mimi ninatoka wa mwisho kwenye mstari wetu ili njia ibaki wazi. Noti yangu ninaikunja kwa urefu, ninaishika kwa vidole viwili juu ya kichwa, ninazunguka kikapu mara moja ndipo niiachie. Bamama wanapiga vigelegele. Sasa nikituma kwa simu, nani atajua? Nitacheza nimeinua nini, simu?

Hicho ndicho kilichonisimamisha. Chipu ilikuja kuwa sababu nzuri tu.

"Mchungaji, naomba neno!"

Mchungaji Yona akanipa. (Ananipaga kila mara. Nusu ya bati la kanisa ilitoka kwangu.)

Nikawaambia yote. Yule Mzungu, mkate, piii. Nikawaambia wanaanza na simu ili mkono wako uzoee, halafu wanaingia ndani ya mkono wenyewe. Leo namba ukutani, kesho chuma mwilini! Sauti yangu mnaijua, haihitaji mikro. Koko akafumba macho akaanza kuomba.

Mwalimu Asukulu akainua mkono polepole. "Patron, kule Ulaya kuna batu wachache waliokubali, kwa kutaka kwao. Lakini hapa kwetu? Hata umeme wa kuchaji simu tunautafuta. Nani atakuja mpaka Baraka kukuwekea chipu?"

Kanisa likacheka. Likanicheka mimi! Nikahisi shingo inapata moto.

Bandugu, ningeketi pale, leo ningekuwa nimelala usingizi wa mchana na shati wazi. Sikuketi.

"Munacheka? Munasema iko Ulaya? Iko hapa! Iko kwenye benchi ya bamama!"

Nikatoka upande wa wanaume. Nikavuka katikati. Mama Neema aliniona ninakuja na akajua kabla sijafika. Uso wake ulibadilika. Aliposimama, aliniambia kwa sauti ndogo, karibu na sikio:

"Papa Neema, nakuomba. Nakuomba sana. Tutaongea nyumbani."

Nilimsikia. Ndilo linaloniuma kuliko yote, maana ngoma ilikuwa imenyamaza na watoto wametulia. Nilimsikia vizuri kabisa.

Nikamkamata mkono wa kushoto nikauinua juu, kama vile refa anavyoinua mkono wa bondia aliyeshinda.

"Mchungaji, kuya ushikie mwenyewe! Chuma! Bibi yangu mimi, bamemuwekea chuma ya pesa!"

Nilitegemea mayowe. Badala yake nikaona jambo la ajabu. Upande mzima wa bamama, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kuvuta vitenge juu, kufunika mabega na mikono. Na joto lile! Hata wa kwaya, waliovaa mikono mifupi, wakajikumbatia.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nikapiga kelele: "Munaona? Banajificha! Bote wamewekewa!"

Mama Furaha, yule muuguzi wa kituo cha afya, akasimama. Ni mama mpole, lakini leo macho yake hayakuwa ya upole.

"Papa Neema, mwachilie mkono. Keti."

"Na wewe ulijua?"

"Najua."

"Basi sema! Ni nani alimuwekea? Ni serikali gani?"

"Mambo ya mutu mwingine siyasemi mbele ya batu."

"Mnasikia? Siri!" Nikawageukia wanaume. "Bandugu, wametumaliza!"

Shemasi mmoja akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mchungaji alikuwa amefika katikati, hajui kama anishike mimi au ashike ule mkono. Ndipo Mama Neema akauchomoa mkononi mwangu kwa nguvu. Akajifunga kitenge vizuri, bila haraka. Akasimama sawa.

"Mwacheni Mama Furaha. Nitasema mimi." Hakupandisha sauti. "Hii haina pesa ndani. Ni kijiti cha planning. Kinazuia mimba. Nilienda mwenyewe, nikaomba mwenyewe, ili nisizae tena."

Akamgeukia mchungaji.

"Daktari alisema nikizaa tena nitakufa. Papa Neema alikuwa ameketi pale pale. Akamujibu daktari kwamba bibi ya Wilondja hafi kwa kuzaa."

Nilisema hivyo, ndiyo. Niliona ni jibu la kiume.

Sasa lazima niwaeleze kitu kingine, na nikikieleza mtajua kwa nini sitaki kuonekana. Jumapili iliyopita, mimi mwenyewe nilimtoa Mama Neema mbele ili aombewe apate mimba. Nilitangaza kwamba mtoto akija, nitaezeka na nyumba ya mchungaji. Wazee wakaweka mikono. Mchungaji Yona akapaka mafuta. Kanisa lote likafunga kwa ajili yangu, hata watu wasio na chakula cha kuacha.

Koko wa benchi la mbele akafumbua macho.

"Kumbe! Njo maana maombi yetu ilikuwa inagonga kwa chuma na kurudi!"

Basi. Kanisa likaanguka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mpiga ngoma aliangukia ngoma yake. Mchungaji Yona alitazama chupa ya mafuta kama mtu aliyeuziwa maji. Mwalimu Asukulu aligeukia ukuta, akijifanya anasoma ile namba, mabega yanatikisika.

Na mnadhani iliishia hapo? Waume wakaacha kucheka mmoja mmoja. Kila mmoja akageuka kutazama upande wa bamama, vile vitenge vilivyovutwa juu. Yule shemasi aliyekuwa anakemea alivuka kabisa, akaanza kumpapasa bibi yake mkono kama mtu anayenunua kuku sokoni.

"Toa mkono," shemasi akamwambia.

"Mkono wa nani? Wako au wangu?"

"Mi ninauliza tu."

"Basi uliza na mdomo!"

Sijui ni nyumba ngapi leo zinakula bila kusemezana kwa ajili yangu. Wanaume mlio humu, ninawaomba: nendeni polepole. Kama kipo, kina sababu yake. Hamna haja ya kujifunza kwa njia yangu.

Mama Neema alichukua Biblia yake, akatoka. Hakukimbia. Mama Furaha akamfuata. Halafu bamama wote, kwaya nayo na sare zao nyeupe, nyuma yao. Wimbo wa kufunga tuliuimba wanaume peke yetu, na hakuna anayejua ubeti wa pili.

Nilipofika nyumbani, sufuria ilikuwa jikoni imefunikwa, moto umezimwa. Neema, binti yetu mkubwa, alinipa kiti bila kunitazama.

"Mama ameenda Lweba kwa mjomba. Amepanda pikipiki, moto ya abiria."

"Alisema nini?"

"Alisema usisahau kula."

Bandugu, angenitukana ningekula.

Nikatafuta moto na mimi. Vumbi la barabara lilinipaka mpaka nyusi, na suti yangu ya Jumapili ikawa rangi ya muhogo. Shemeji Alimasi, kaka yake mkubwa Mama Neema, alikuwa amesimama mlangoni ameziba njia yote. Yeye ni mvuvi, ana mikono ya kuvuta nyavu. Siku zote ananiita "shemeji". Leo aliniita tofauti.

"Eee, Patron! Umefika? Kuna mkono mwingine unatafuta?"

"Shemeji, nimekosa."

"Kukosa tunajua, habari ilikutangulia. Umemvua dada yetu nguo mbele ya batu. Kwetu hiyo iko na faini. Mbuzi, na kitenge cha mama yetu."

"Nitaleta mbuzi kesho asubuhi. Mkubwa! Hakuna mbuzi kama huyo Lweba yote." (Hata pale, jamani. Hata pale!)

"Hapana. Mbuzi tutanunua sisi. Tuma pesa saa hii, kwa simu."

"Shemeji, mimi sina pesa ya simu."

Akanionyesha kwa kidevu, ng'ambo ya barabara. Kuna kibanda, mwavuli, na dada mmoja wa pesa ya simu ameketi chini yake.

Nilivuka. Yule dada akaomba kadi yangu ya uchaguzi, akanipiga picha na vumbi langu. Nikamuuliza kama kuna kitu kitakachoingia mwilini. Akanitazama. "Kwenye simu tu, papa." Akaniambia nichague namba ya siri. Nikaichagua, nikamtamkia kwa sauti yangu hii.

"Papa! Siri usiitangaze! Batu bote bamesikia. Chagua ingine."

Alikuwa anaongea habari za simu. Mimi nilitaka kulia pale pale chini ya mwavuli.

Nikampa noti, akaziingiza, akanionyesha mahali pa kubonyeza. Ng'ambo ya barabara simu ya shemeji ikalia. Akaitazama, akaitazama tena, akaondoka mlangoni. Kumbe ni haraka hivyo. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Mama Neema akatoka. Alikuwa amebadilisha blauzi. Mkono wa kushoto aliushika na wa kulia, na juu pale nilipobonyeza palikuwa pamevimba. Ni mimi niliyefanya hivyo, kwa vidole hivi ninavyoandikia.

"Unauma?"

"Unauma."

"Nisamehe, Mama Neema. Wamenicheka mpaka nimekoma."

"Weye walikucheka. Mimi walinihurumia. Ungejua, ungechagua kuchekwa."

Akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mimi nikabaki nimesimama.

"Juu ya nini hukuniambia?" nikauliza.

"Nilikuogopa. Kile kijiti sikukiogopa, na kufa nilishazoea kukufikiria. Niliogopa ukijua, utatangaza."

"Na nimetangaza."

"Hata kabla ya kujua, Papa Neema."

Ndani shemeji alikuwa anakohoa, yaani anasikiliza. Mama Neema akatazama barabara. Nilifikiri atasema anabaki Lweba. Nilikuwa tayari nimeanza kuona nyumba yangu kubwa, na mimi ndani yake kama gunia la simenti lililoloa. Ghorofa ya nini, kama hakuna wa kukwambia usisahau kula?

"Nitarudi," akasema. "Batoto beko peke yao. Lakini kesho asubuhi utanipeleka kwa Mama Furaha, aangalie kama hukukivunja. Na hutanisubiri nje kwenye moto. Utaingia. Utaketi benchi na mimi mpaka watuite."

"Benchi ya bamama?"

"Benchi iko moja tu."

"Na wakiniuliza?"

"Wakikuuliza kama umekubali, utasema ndiyo. Polepole. Namna batu wengine wanasemaga."

Tumerudi wote kwenye moto moja, yeye kati, mimi nyuma. Sasa yuko jikoni, ninasikia sahani. Mimi niko barazani ninawaandikia.

Basi, bandugu, kesho asubuhi mkipita kituo cha afya mkaona mwanaume mnene ameketi katikati ya bamama na watoto wanaonyonya, ni mimi. Semeni tu "Yambo, Patron", mpite. Kicheko chenu kibebeni mpaka sokoni, ndipo mkakifungulie huko.